Pima Kwanza, Nunua Baadaye: Tulivyochagua Kebo ya Tele ya Kikundi

Wiki hii hatuandiki juu ya uji wa watoto wala juu ya mavuno. Tunaandika juu ya kebo, ile ambayo wengi wetu hapa Bunia tunaiita kable: waya unaopeleka picha kutoka kwenye dekoda hadi kwenye tele. Msilikunje karatasi mapema. Jambo hili linagusa sanduku letu la akiba, na zaidi ya hapo linagusa mahali watoto wetu wanapokuwa usiku.

Sote tunakumbuka Kombe la Afrika la mwanzo wa 2024 kule Kodivaa. Leopards waliwatoa Misri kwa penalti, wakawafunga Guinea mabao 3 kwa 1, wakaingia nusu fainali. Tarehe 7 Februari walicheza na wenyeji, na kwa saa zetu mechi ilianza saa nne za usiku. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kwenye kichwa, mfano wa bunduki. Walikuwa wanaiambia dunia kwamba watu wa mashariki ya Kongo wanauawa huku dunia imenyamaza. Hakuna mama wa Ituri aliyehitaji kuelezwa maana ya ishara ile. Tulifungwa bao 1 kwa 0, lakini watu walilia kwa ajili ya ishara kuliko kwa ajili ya bao.

Sasa tujiulize: ni vijana wangapi walioiona ishara ile wakiwa karibu na mzazi wa kuwaeleza? Wengi walikuwa kwenye vyumba vya video vya kulipia, mbali na nyumbani, na mama zao walikaa macho wakisikiliza kama mlango wa parseli utagongwa. Usiku wa mji wetu tunaujua. Mtoto akichelewa nusu saa, moyo wa mama hautulii. Ndiyo maana kikundi chetu kilikubaliana katika kikao kimoja, bila mabishano marefu: badala ya watoto wetu kuifuata picha mjini, picha ije kwetu.

Tulichanga kidogo kidogo, juma kwa juma, mpaka tele bapa ikapatikana. Mahali palikuwapo tayari: payoti iliyo katika parseli ya mama mwenyekiti, pale tunapokutana. Dekoda ilikuwa sebuleni mwake, na antena juu ya bati la nyumba yake. Likabaki swali moja tu: picha itatokaje sebuleni ifike kwenye payoti?

Mtu anaweza kusema hilo si swali, ni kwenda dukani kununua kebo ndefu. Ndivyo muuzaji mmoja alivyotuambia. Alitutolea kebo ya HDMI ya mita 20, vichwa vyake vinang'aa kama dhahabu, akasema hiyo ndiyo mwisho wa mambo. Mama mtunza sanduku akamjibu kwa upole: "Asante, baba. Tutaenda kuuliza kwanza, tutarudi." Kuuliza si ujinga, na pesa ya watu thelathini haitolewi kwa sababu kitu kinang'aa.

Tulimwuliza binti wa mmoja wetu, anayesoma mambo ya umeme kwenye shule ya ufundi. Kabla ya yote yeye alituuliza swali letu wenyewe: "Mama zangu, ni mita ngapi?" Mmoja akasema kumi. Mwingine akasema kumi na tano. Binti akacheka, akaomba kamba ya kuanika nguo. Mama mshonaji akatoa mita yake ya kushonea, tukafunga fundo kwenye kila mita. Kisha tukaipitisha kamba mahali ambapo kebo ingepita kweli: kutoka dekoda kupanda ukuta, kufuata boriti chini ya bati, kuvuka kwenye waya uliokazwa juu ya njia ya watu, kushuka kwa nguzo ya payoti, hadi nyuma ya tele. Tulihesabu mafundo 18. Jicho hupima kwa mstari ulionyooka, lakini kebo hupanda, hukata kona na kushuka. Huo ndio ushauri wa kwanza kwa kila nyumba: pima njia yote kwa kamba, ongeza mita moja au mbili za kupumulia, kisha ndipo uende dukani.

Baada ya hapo binti alitueleza kwa nini mita hizo zina maana. Tunaandika maelezo yake kwa maneno yetu.

Kuna kebo za zamani zenye vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe. Ya njano inabeba picha. Picha yake inasafiri kama sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya bonde: kadiri unavyokuwa mbali ndivyo sauti inavyofifia, lakini bado unasikia kitu. Kebo hiyo ikiwa ndefu, rangi zinapauka na picha inapata kivuli, ila haizimiki kwa ghafla. Kwa tele ya zamani bado inafaa, hata kwa mita 15 na zaidi, mradi waya wake uwe mnene na umefunikwa vizuri. Ubaya wake ni kwamba herufi ndogo hazisomeki sawasawa.

HDMI, iliyoanza kutumika mwaka 2003, ni jambo jingine. Yenyewe hupeleka picha kwa hesabu, kama mtu anayekutajia namba ya simu. Ukisikia tarakimu zote, simu inaita vizuri kabisa. Ukikosa moja, haiendi. Kwa hiyo kebo ya HDMI iliyo ndefu kupita uwezo wake haikuonyeshi picha iliyofifia. Kwanza utaona vidoa vidogo kama nyota, kisha tele inakuwa nyeusi kwa sekunde chache na kurudi, halafu inaandika kwamba hakuna kitu kilichounganishwa. Wengi wakiona hivyo hudhani tele imekufa, wanampigia fundi. Mara nyingi ni kebo tu iliyochoka njiani.

Tuliuliza: basi HDMI inafika wapi? Jibu linategemea ukubwa wa mzigo. Dekoda ikiwekwa kwenye picha ya 720p au 1080i, inapeleka kama gigabiti 2.2 kila sekunde. Ikiwekwa kwenye 1080p ya picha 60 kwa sekunde, mzigo unakuwa mara mbili, kama 4.5. Na ile picha kubwa inayoitwa 4K, ya picha 60 kwa sekunde, inakaribia 18. Mama anayebeba ndoo moja hufika mbali kuliko anayebeba mtungi wa lita arobaini, na kebo ni hivyo hivyo. Kebo ileile iliyoshindwa kwa 1080p inaweza kufika salama kwa 720p. Hiyo ni dawa isiyo na bei: ingia kwenye menyu ya dekoda, punguza ukubwa wa picha, kisha tazama. Kwa watu walioketi mita nne kutoka kwenye tele ya kawaida, wengi hawataona tofauti.

Kwa kukumbuka, tulipanga hivi. Chini ya mita 5, kebo yoyote ya HDMI iliyotengenezwa vizuri inatosha, usilipie jina. Kati ya mita 5 na 10, tafuta iliyo nene. Kwenye ngozi ya baadhi ya kebo imeandikwa namba ya unene na herufi AWG, na hapo hesabu inakwenda kinyume: 24 ni nene kuliko 28. Mita 10 hadi 15, kebo nene bado inaweza kufanya kazi kwa picha ya kawaida, lakini usilipe kabla ya kujaribu. Zaidi ya hapo, kebo ya shaba peke yake ni bahati nasibu.

Na ile dhahabu ya vichwani? Kazi yake ni kuzuia kutu, basi. Haiisukumi picha hata sentimita moja.

Ziko njia nyingine za kwenda mbali. Kuna kebo zenye kifaa kidogo ndani cha kuipa picha nguvu. Hizo zina upande wa kuanzia na upande wa kuishia, na mshale au maandishi huonyesha kichwa kinachoingia kwenye dekoda na kinachoingia kwenye tele. Ukizigeuza, huoni kitu. Kuna zenye nyuzi za kioo zinazopeleka picha kwa mwanga, zinafika makumi ya mita, lakini hazipendi kukunjwa na bei yake ni ya juu. Kuna visanduku viwili vinavyounganishwa kwa waya wa mtandao wa kompyuta, ule wa Cat6: kimoja kinakaa kwenye dekoda na kingine kwenye tele. Visanduku vizuri hufikisha picha mita 30, 50 au zaidi. Kwa ukumbi wa kanisa au wa shule, njia hiyo ni ya kufikiriwa. Ila kumbukeni kwamba visanduku vinahitaji umeme, na kwa nyumba inayoishi kwa betri ya paneli ya jua, kila kifaa kinakula.

Anayenunua waya wa mtandao sokoni awe na wembe mkononi. Kwangua kidogo ncha ya waya. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ikitokea nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba: ni nyepesi, inakatika upesi, na haifai kwa safari ndefu. Wazee wetu walisema rahisi inavunja upishi.

Sasa turudi kwenye mita zetu 18. Kabla ya kuamua, tuliomba kuazima. Kwaya moja ilituazima kebo ya HDMI ya mita 20, nyembamba, waliyokuwa nayo. Tuliinyoosha kwenye majani mchana, bila kuikunja. Kwa 1080p tele ilitoa nyota na kuzimika mara kwa mara. Kwa 720p picha ilitulia, lakini mtoto alipoikanyaga ikapotea tena. Tukajua kwamba kitu kinachosimama ukingoni namna hiyo mchana mkavu hakitavumilia mvua na miguu ya watoto.

Hapo binti akasema neno lililobadilisha mazungumzo yote. Akauliza: "Mama, kwa nini tunataka kuirefusha kebo iliyo dhaifu, wakati tuna nyingine iliyozaliwa kwa safari?" Alikuwa anaonyesha waya mweupe wa antena.

Waya ule, ambao kwenye ngozi yake huandikwa RG6, umetengenezwa ili kuleta mawimbi kutoka kwenye antena ya sahani hadi kwenye dekoda. Mita 20 au 30 kwake ni safari ya kawaida. Kwa hiyo badala ya kuiacha dekoda sebuleni na kuivuta HDMI mita 18, tunaweza kuivuta RG6 kutoka kwenye antena hadi payoti, kisha kuibeba dekoda na kuiweka chini ya tele. HDMI inabaki ile fupi ya mita moja na nusu iliyokuja ndani ya katoni. Sehemu ndefu ya njia inapewa kebo yenye miguu mirefu, na sehemu fupi inapewa kebo ya miguu mifupi.

Tulikaa tukiyapima hayo kama wanawake wanaopima kitambaa. Mama mwenyekiti aliuliza kama nyumba yake itakosa picha. Haitakosa: kichwa cha antena kilibadilishwa kwa kingine chenye matundu mawili, moja linaenda sebuleni kama zamani na la pili linaenda payoti. Dekoda ni ileile moja, inatembea ndani ya kikapu. Mama mtunza sanduku aliuliza kuhusu uharibifu, na jibu ndilo lililomaliza kikao. HDMI ina pini 19 ndani ya kichwa kidogo. Ikikatwa na panya au jembe, unaitupa. RG6 ina waya mmoja katikati na wavu kuizunguka. Ikikatika, mtu mwenye kisu na kichwa kipya cha bei ndogo anaiunga kwa dakika chache, na binti zetu wawili tayari wamejifunza kuifanya kazi hiyo. Kitu ambacho tunaweza kukitengeneza wenyewe ndicho chetu kwa kweli.

Kulikuwa na faida ya tatu ambayo kila mwenye watoto ataifurahia. Dekoda ikikaa chumba kingine, telekomandi haiioni, kwa sababu mwanga wake haupenyi ukuta. Lazima mtoto akimbie sebuleni, wengine wapige kelele "Badilisha! Rudisha!" mpaka jirani aamke. Dekoda ikiwa chini ya tele, kelele hizo hazipo.

Gharama ya RG6, vichwa vyake na kichwa kipya cha antena ilikuwa chini ya bei ya ile kebo ya dhahabu. Kilichobaki kilirudi kwenye sanduku.

Tulipoifunga, tulishika mambo haya, nayo yanafaa kwa kebo ya aina yoyote. Zima dekoda na uichomoe kwenye umeme kabla ya kuunganisha waya wa antena, kwa maana waya huo hubeba umeme mdogo unaoendesha kichwa cha antena. Usiupigilie misumari juu yake, tumia vishikizo vinavyoukumbatia. Usiukunje kama karatasi, mzungushe taratibu kama mtu anayekunja kitenge cha thamani. Usiulaze pamoja na waya wa umeme: uache nafasi ya shubiri moja au zaidi, na vikilazimika kukutana, vipishane kama msalaba. Nje, upitishe ndani ya bomba la plastiki ili jua lisiipasue ngozi yake. Mahali unapoingia ndani, uache ulegee kidogo kwenda chini kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke pale, yasifuate waya mpaka kwenye kifaa. Na usiunge vipande viwili vya HDMI ukitarajia urefu: kila kiungo kinapunguza nguvu, na kinafunguka chenyewe kwa uzito wake.

Mambo mawili ya usalama tunayaandika peke yake. La kwanza ni radi. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu za dunia zinazopigwa na radi zaidi, na sisi hatuhitaji kitabu kutuambia. Antena juu ya bati na waya mrefu wa chuma ni njia ambayo radi inaweza kuifuata. Ngurumo ikisikika hata kwa mbali, chomoa waya wa antena na waya wa umeme, mechi iwe imefika dakika ya ngapi. Usingoje mvua ianze, na usiuguse waya radi ikiwa juu ya mji. Chomoa mapema au uache kabisa.

La pili ni kuunganisha nyumba mbili. Jirani mwenye jenereta yake na wewe mwenye betri yako msiunganishwe kwa kebo ya chuma ya tele. Umeme wa nyumba moja unaweza kupita humo na kumpiga mtu anayegusa kichwa cha kebo, au kuunguza vifaa. Ni afadhali kumkaribisha jirani akae nawe kwenye mkeka.

Mama wenzetu, kuna watakaosema kwamba katika mkoa wenye watu wengi namna hii waliokimbia vijiji vyao, kuandika juu ya kebo ni anasa. Sisi tunaona vingine. Kati ya wanaokaa nasi kwenye payoti wapo mama waliokuja mjini bila sufuria hata moja. Mchana tunatazama pamoja video za kufundisha kushona, kutengeneza sabuni, kulisha mtoto aliyedhoofu, na asiyejua kusoma anajifunza sawa na aliyesoma. Jioni watoto wanatazama mpira au katuni, na kila mmoja anajulikana ameketi wapi. Habari mbaya ikija kwenye tele, mkubwa yupo wa kuieleza au kuizima. Hayo yote yamewezekana kwa mita 22 za waya mweupe, kutoka batini hadi payoti.

Nyumba yako huenda si kama yetu. Labda unahitaji mita 3, na kebo ya kawaida itakutosha. Labda una ukumbi wa mita 40, na visanduku viwili ndivyo vitakufaa. Kabla ya kwenda sokoni, jibu maswali manne: njia ina mita ngapi kwa kamba? Picha itakuwa ya ukubwa gani? Je, kifaa chenyewe kinaweza kusogezwa ili njia iwe fupi? Na muuzaji atakubali ujaribu kwa dekoda yako na tele yako kabla ya kulipa? Akikataa hilo la mwisho, duka la pili liko karibu.

Kamba yetu yenye mafundo imening'inizwa kwenye nguzo ya payoti. Kikundi chochote kinachotaka kuiazima kije kuichukua, na binti wetu yuko tayari kufuatana nayo baada ya masomo. Tunaomba tu irudishwe kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo inaanikiwa nguo.